Nasaba Iliyochovywa Chai

Mwaka aliposwa binti wa shangazi yangu, kila mtu Pemba alikuwa na asili. Sijui asili zote zile zilikuwa zimefichwa wapi kabla ya hapo. Watu ambao mwaka wa nyuma walikuwa wa Vitongoji tu, au wa Ole, ghafla wakawa wa Shirazi, wa Hadhramaut, wa Maskati. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, siasa imeingia kisiwani, na siasa ile ilikuwa na swali moja kubwa: wewe umetoka wapi? Muuza samaki mmoja wa sokoni Chake Chake, mtu ambaye tangu nimjue hakuwahi kuvaa shati lenye vifungo vyote, alianza kuwaambia wanunuzi kwamba babu yake wa saba alikuwa waziri huko Uajemi. Samaki wake waliendelea kunuka kama zamani.

Sisi hatukuwa na asili. Tulikuwa na Bibi.

Bibi ndiye aliyemzaa shangazi yangu na baba yangu. Yeye na Babu walitoka Mrima, upande wa pili wa bahari, wakaja Pemba kuchuma karafuu, wakakaa. Babu alikufa mimi nikiwa mchanga. Bibi alibaki kwenye nyumba yao ya udongo juu ya kilima nje ya mji, akila tambuu, akifuga kuku wakorofi, akizungumza Kipemba kizito kuliko Wapemba waliozaliwa kwa Wapemba. Hayo ndiyo tuliyoyajua, na kwa miaka mingi yalitutosha.

Kisha ikaja posa kutoka Wesha. Kijana mwenyewe hakuwa na neno: mpole, anaswali, baba yake marehemu alikuwa na mashua mbili za kubebea mizigo. Tatizo lilikuwa ami yake, karani mstaafu mwenye miwani ya duara na tabia ya kusoma kila kitu mara mbili, hata maandishi ya kwenye bati la biskuti. Siku ya posa alikunywa kahawa yake, akaufuta mdomo kwa leso, akamwambia shangazi yangu, "Bi mkubwa, kijana wetu anampenda binti yenu, na sisi tumeridhika. Lakini siku hizi mambo ni maandishi. Tungependa kuiona nasaba yenu."

"Ipo," alijibu Shangazi, bila hata kupepesa macho. "Imo sandukuni."

Sandukuni mlikuwa na kanzu mbili za Babu, kofia moja, na familia ya panya ambayo nadhani ilikuwa na nasaba nzuri kuliko yetu.

Shangazi alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, mzaliwa wa kwanza wa Bibi, na jambo hilo la kuzaliwa wa kwanza alilibeba kama cheo cha serikali. Wageni walipoondoka alinijia moja kwa moja. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nina mwandiko mzuri, nangoja kuitwa chuo cha ualimu, kwa hiyo ukoo mzima ulinihesabu kuwa mtu asiye na kazi.

"Nenda kwa bibi yako," akaniambia. "Muulize baba yake nani, babu yake nani, na babu yako naye kwao nani. Andika yote. Ukifika kwenye sharifu au mfalme, simama hapo hapo, usiendelee."

Nilikwenda na daftari. Bibi alikuwa anapembua mchele. Alinitania kama alivyonitania siku zote, maana mjukuu wa kike kwa bibi yake ni mke mwenza.

"Umekuja kumfuata mume wetu? Alikwisha kufa, umechelewa."

"Nimekuja kuuliza mlikotoka, Bibi."

"Ah! Mie nimetoka Lamu," akasema, akipeta. "Baba yangu alikuwa fundi wa milango ya nakshi."

Nikaandika. Kesho yake nilirudi kuuliza jina la huyo fundi, Bibi akaniambia fundi gani, yeye baba yake alikuwa mganga mkubwa Uzigua, akitibu kichaa. Siku ya tatu alikuwa wa kizazi cha Ngazija na baba yake alimiliki ng'ombe arubaini. Nilipomwonyesha daftari na kumsomea baba zake wote watatu, alicheka hadi tambuu ikampalia.

"Sasa Bibi, nimwandike yupi?"

"Mwandike unayempenda, mke mwenzangu. Wote wameshakufa, hawatagombana."

Nilipompelekea Shangazi habari hizo alilitazama daftari kama kitu kilichokufa. Kisha akakumbuka kwamba Mkoani kulikuwa na bibi mmoja aliyekuja jahazi moja na wazazi wake, mkunga wa zamani, rafiki wa Bibi tangu ujana. Siku ya pili asubuhi tukapanda gari la abiria, Shangazi amevaa buibui lake jipya kana kwamba tunakwenda mahakamani.

Tulimkuta mkunga ameketi barazani kwake, anasuka ukili wa mkeka. Alikuwa mwembamba kama ukili wenyewe. Shangazi alimwamkia, akamjulia hali, akamuulizia magoti, kisha akaingia kwenye shabaha yetu kwa mbali, kama mtu anayenyatia kuku.

"Bibi, wewe ulisafiri na baba na mama. Walipofunga ndoa yao huko Mrima, ilikuwa mji gani?"

Mkunga aliacha kusuka. "Ndoa gani huko Mrima?"

"Ya baba na mama."

"Mama yako hakuwa nke wa baba yako," alisema mkunga, bila haya wala dharau, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. "Walijuana jahazini."

Sikumtazama Shangazi. Niliutazama ukili.

Mkunga akatueleza, na vidole vyake vikaendelea na kazi. Pangani kulikuwa na karani akiandikisha wachumaji wa karafuu. Babu aliandikishwa yeye na mkewe, maana mume na mke walipewa kibanda chao peke yao huko shambani, na wanaume wasio na wake walilala wote pamoja kwenye banda moja na viroboto. Siku ya safari, jahazi limekwisha kung'oa nanga, mke wa Babu hayumo. Babu alisema amekataa kupanda. Na humo jahazini alikuwamo msichana mmoja peke yake, hayumo kwenye karatasi ya mtu yeyote, amejikunyata katikati ya magunia.

"Tulipofika hapa gatini," akasema mkunga, "karani akaanza kuita majina. Asiye na jina anarudishwa. Akaliita jina la nke wa baba yako. Kimya. Akaliita tena. Baba yako akamtazama yule msichana, yule msichana akamtazama baba yako. Akaitika, 'Abee!' Basi. Ndiyo jina lake mpaka leo."

"Kwa hiyo jina la mama yangu..." alianza Shangazi.

"Si lake."

Shangazi alikunywa maji. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Lakini walioana."

"Wakaoana, kwa nini wasioane? Kwanza walitundika jamvi katikati ya kibanda, huku yeye, huku yeye. Lile jamvi nililisuka mie. Halafu jamvi likawa linafungwa kidogo, likafungwa zaidi, mwisho nikaliona uani limeanikiwa mpunga. Ndipo wakaenda kwa mwalimu wa msikitini kufunga ndoa."

"Lini?"

"Masika yalikuwa yanakwisha."

"Na mimi nilizaliwa lini?"

"Wewe? Vuli. Mvua za mwisho."

Nilimwona Shangazi anahesabu kwa vidole chini ya buibui. Alihesabu mara moja, akarudia. Niseme hapa kwamba baba yangu alizaliwa miaka minne baadaye, kwa hiyo mimi nilikuwa salama kabisa, na nilijitahidi uso wangu usilionyeshe hilo sana.

"Nilikuwa njiti," alisema Shangazi hatimaye.

"Njiti!" Mkunga alicheka. "Mie ndiye niliyekupokea, mwanangu. Ulitoka na mashavu kama maandazi."

Tulipoteremka Chake Chake Shangazi hakwenda nyumbani, alikwenda kwa shehe mmoja mtaani akamuuliza, kwa niaba ya jirani asiyemtaja, ni miezi mingapi baada ya ndoa mtoto huwa halali. Shehe akamwambia miezi sita inatosha. Alitoka pale amenyooka mgongo, akanishika mkono, akaniambia kwamba nikilitoa neno hili mdomoni atanikata ulimi na kuupika.

"Na nasaba?" nikamuuliza.

"Tutaiandika."

Tukaiandika, basi. Yaani niliiandika mimi, Shangazi akiwa amekaa ubavuni mwangu anazaa mababu. Alikuwa na kipaji kikubwa. Kila babu alimpa kazi, mji na sifa moja: huyu mcha Mungu, huyu mkarimu, huyu alijenga msikiti na kisima. Upande wa Babu tulifika Shirazi kwa vizazi vinane. Upande wa Bibi, Shangazi hakutaka kushindwa na upande wowote, akampeleka Lamu na kutoka Lamu akampandisha mpaka Yemen, kwa sharifu mmoja aliyekuwa anatembea juu ya maji.

"Shangazi, huyu wa kutembea juu ya maji amezidi."

"Basi afanye kuogelea sana."

Nikaandika: alikuwa hodari wa kuogelea.

Karatasi ilikuwa nyeupe mno. Nasaba ya miaka mia tatu haiwezi kung'aa kama barua ya shule. Shangazi akachemsha chai nzito, akaimimina kwenye sinia, tukaichovya karatasi na kuianika uani juu ya ungo. Jogoo akapita juu yake. Tulipoiokota ilikuwa na rangi ya mswaki wa zamani, na pembeni ina alama ya mguu wa kuku ambayo Shangazi alisema inafanana na muhuri. Kwa mazoea alikuwa ametia sukari kwenye chai. Mpaka tunafika Wesha siku ya kuisoma, sisimizi walikuwa wanatufuata.

Kosa la Shangazi lilikuwa kumchukua Bibi. Lakini angemwacha vipi? Mkubwa wa ukoo asihudhurie nasaba yake mwenyewe? Alimwambia tu kwamba yatasomwa maneno ya heshima, na yeye aitikie "Amin" basi. Bibi alivaa doti yake ya kanga nzuri, akabeba kikopo chake cha kutemea, akaketi mkekani ukumbini pamoja na wanawake, miguu ameinyoosha.

Mama yake bwana harusi mtarajiwa alikuwa anamimina kahawa. Mwanamke wa maneno machache. Tangu posa ianze nilikuwa sijamsikia akisema zaidi ya karibu na mashaallah. Ami akavaa miwani, akaifungua karatasi, akainusa kidogo, akakunja uso, akaanza kusoma. Alisoma vizuri, kwa sauti ya khutuba. Upande wa Babu ukapita salama. Watu wakasema mashaallah. Akaingia upande wa Bibi.

"Binti wa fulani, bin fulani, mfanyabiashara mashuhuri wa Lamu, bin fulani, mcha Mungu, aliyejenga..."

"Huyo nani?" aliuliza Bibi.

Ami alinyanyua macho. "Ni babu yako, Bi mkubwa."

"Wangu mie?"

"Mama," alisema Shangazi kwa meno yaliyofungwa, "nyamaza."

"Sinyamazi. Ntu anasomewa babu zake hawajui, anyamaze? Endelea baba, nione tutafika kwa nani."

Ami akaendelea, sasa kwa mashaka. Alipofika kwa yule sharifu hodari wa kuogelea, Bibi alishindwa. Alicheka, akajipiga paja, akakitafuta kikopo chake, akatema, akacheka tena. Kisha akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Wanangu," alisema, "hamjambo kwa haya mambo yenu. Mie sikutoka kwa sharifu. Mie nilikuwa nauza mihogo ya kuchoma ufukoni Pangani. Mama yangu alikufa, nikakaa kwa nke wa mjomba, akanipa sinia ya mihogo, asubuhi mihogo, jioni mihogo. Siku moja nikaliona jahazi linapakia watu. Nikaiweka sinia chini ikiwa na mihogo yake, nikapanda. Sikumuaga ntu. Nilikuwa nimechoka na mihogo."

Ukumbi ulikuwa kimya kiasi cha kusikia sisimizi wakila nasaba.

Akayasema yote. Magunia, karani, jina lililoitwa mara mbili, jamvi. Alivyolisimulia jamvi, wanawake wawili wa Wesha walijifunika nyuso kwa mitandio, mabega yakitikisika. Shangazi alikuwa amefumba macho na midomo yake inakwenda. Nafikiri alikuwa anaomba ardhi impasukie, na kwa ukubwa wake ingebidi ipasuke pakubwa. Jambo la miezi Bibi hakuligusa. Sijui ni kwa huruma au kwa kuwa halikumpitia akilini kwamba lilikuwa jambo.

Wa kwanza kusema alikuwa yule mama wa kahawa. Aliweka buli chini.

"Na yule mwenye jina lake, Bibi? Alikwenda wapi?"

Sote tulimgeukia. Kwenye safari ya Mkoani, kwenye kuandika, kwenye kuchovya, mimi na Shangazi hatukuwa tumemuwaza mwanamke yule hata mara moja. Kwetu alikuwa nafasi tupu iliyojazwa.

Bibi aliacha kucheka. "Sijui, mwanangu," alisema. "Mume wangu alisema alikataa kupanda, nami sikumuuliza tena. Lakini mpaka leo, ntu akiniita, kwanza nageuka kutazama kama yupo."

Ami alikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa juu wa kanzu. Shangazi akafumbua jicho moja. "Bi mkubwa," ami akamwambia, "mimi nilisema nataka maandishi. Maandishi nimeletewa. Yaliyozungumzwa ni mazungumzo." Akaomba kahawa nyingine. Mpaka leo sijui kama yule mzee alikuwa mjinga sana au mwerevu sana, lakini harusi ilipangwa siku ile ile.

Tulipokuwa tukirudi Bibi aliniegemea begani, akaninong'oneza jina lake, lile alilopewa na mama yake. Nilikuwa wa kwanza kulisikia tangu ufukoni. Alinitaka nimwite. Nikamwita, taratibu. Alichelewa kuitika, akafikiri, akatikisa kichwa. "Hapana," akasema, "linanikaa kama kiatu cha mtoto." Sitaliandika hapa; hakuniambia niliandike.

Shangazi hakusema na mama yake siku tisa. Walikuwa wakikaa jiko moja wakikuna nazi za harusi, magoti yanagusana, na maneno yanapitia kwangu.

"Mwambie bibi yako asogeze kifuu."

"Mwambie shangazi yako kifuu kimesikia."

Siku ya kumi Bibi akamwambia ana kwa ana, "Ulipozaliwa, baba yako alipanda mkarafuu akakaa juu huko anaimba, mnyapara akamtukana, hakushuka. Ukitaka nasaba, ndiyo hiyo." Shangazi aliendelea kukuna. Nazi ile ilikunwa mpaka ikaanza kutoa unga wa kifuu, na alipofuta macho alisema ni vitunguu, ingawa hatukuwa na vitunguu.

Mama yule wa Wesha hakuliacha swali lake. Kila tulipokutana kwa shughuli za harusi alinivuta pembeni: "Umemtafuta?" Nikaona nisipomtafuta sitapata raha. Nikapata gari tena mpaka Mkoani, mkunga akanipa jina la mtaa wa kina Babu huko Pangani, na nikaandika barua kwa imamu wa msikiti wa mtaa huo, nikimwomba aulizie kama kuna anayemkumbuka mwanamke wa jina hilo, mkewe mtu aliyekwenda Pemba kuchuma karafuu zamani za Wajerumani.

Harusi ilipita. Binti wa shangazi yangu akahamia Wesha, akawa na mimba, Shangazi akahesabu miezi kwa sauti mbele ya watu wote, tisa na siku kumi, kama mtu aliyeshinda kesi. Mimi niliitwa chuoni. Nilikuwa nimerudi likizo barua ilipofika, imepita mikono mingi, bahasha imelainika kama kitambaa. Iliandikwa na msichana aliyesema kwamba anaandika kwa niaba ya bibi yake, na kwamba bibi yake ndiye huyo tunayemtafuta, yu hai, ana meno manne, na anatusalimu sana.

Nilimsomea Bibi uani kwake mchana ule. Ilikuwa ndefu. Mwanamke yule alisema alikuwa amengoja miaka mingi mtu amuulize, kwa hiyo atasema yote. Yeye hakukataa kupanda jahazi, ni uongo. Alikuwa amepanda, amekaa na mzigo wake. Alibanwa na haja ndogo, akamuuliza nahodha kama ana muda, nahodha akasema nenda, upo. Akashuka, akaenda vichakani nyuma ya maghala, na kwa kuwa walikuwapo watu akaenda mbali kidogo, maana alilelewa vizuri. Aliporudi aliona tanga tu.

Niliacha kusoma. Bibi alikuwa ananitazama, mdomo wazi. Kisha akaanza kucheka, nami nikaanza kucheka, tukacheka mpaka kuku wakatoka uani. Mababu wa Shirazi, wacha Mungu, wajenzi wa visima, na kumbe ukoo wetu mzima, shangazi na baba na mimi na kichanga cha Wesha, tumetokana na mwanamke mmoja aliyebanwa na mkojo.

"Soma," alisema Bibi, akishika mbavu. "Soma."

Nikasoma. Alilia ufukoni mpaka jua likamwunguza. Alirudi kwa wazazi wake. Mwaka wa pili akaja mtu kutoka Pemba na kanga mbili, pishi ya karafuu, na talaka yake kwa maandishi, na salamu kutoka kwa mumewe: kwamba alimpigia nahodha kelele warudi, nahodha akakataa, kwamba huku ameoa, kwamba hatamfunga mtu aliye mbali, kwamba amsamehe. Kanga alizivaa. Aliolewa na mvuvi, wakazaa saba, wanne wapo. Mwisho aliuliza kama ule mzigo wake aliouacha jahazini ulifika salama, maana kulikuwamo kitana kizuri cha pembe alichopewa na nyanya yake.

Bibi hakuwa anacheka tena. Ile talaka hakuijua. Miaka yote aliyokaa na Babu, hakuwahi kuambiwa kwamba alimtuma mtu.

"Babu yako alikaa upande wa nyuma," alisema. "Jahazini. Alikaa anatazama nyuma tulikotoka, safari nzima. Mie nikadhani amemkasirikia nkewe."

"Na kitana, Bibi?"

"Kilivunjika meno mwaka ule ule. Nywele zangu zilikuwa ngumu."

Alikaa siku mbili hana utani. Siku ya tatu aliniita nilete kalamu. Alikuwa amekwisha kutayarisha kifurushi: kanga doti mbili mpya, karafuu kavu, na kitana alichomwagiza mtu dukani Chake Chake, cha plastiki nyekundu, maana cha pembe hakikupatikana.

"Andika. Baada ya salamu. Mwambie mzigo ulifika, nikautumia, anisamehe. Mwambie jina lake nimelitunza, sikulitia aibu, isipokuwa mara moja nilipigana kisimani."

Nikaandika.

"Mwambie mume alikufa kwa homa, akiwa kitandani kwake, watoto wapo. Mwambie alikuwa anakoroma. Alikuwa mgumu wa kuoga siku za baridi. Akikasirika anasusa chakula, halafu anakula jikoni akidhani humwoni. Mwambie yeye, kwa kumkosa mume yule, hakukosa kitu kikubwa."

Niliandika hayo yote. Bibi alitafuna tambuu, anaitazama kalamu yangu.

"Umeandika hilo la mwisho?"

"Ndiyo, Bibi."

"Lifute."

"Lote?"

"La kwamba hakukosa kitu. Lifute vizuri lisionekane." Akatema kikoponi, akajifuta mdomo. "Andika alikuwa ntu mwema sana. Ntu mzima yule, meno manne, nimdanganye ili iweje?"

Nikalikata neno, nikaandika hilo jingine juu yake, na asubuhi nikakipeleka kifurushi Wesha kwa mkwe wetu, ambaye mashua yake moja ilikuwa inakwenda upande ule.